Uliniambia Vimelala

Vingunguti
16 Juni 2025

Kaka Azan,

Shikamoo yako nimeiacha kwa makusudi. Namba yako nimeifungia pia, usihangaike kupiga. Kwenye simu unajua kunizungusha toka tuko wadogo. Ukitaka kunijibu, kaa chini uandike. Barua hii anakuletea Mwinshehe, yule jirani yangu anayelinda geti karibu na maabara yenu hapo Mikocheni. Jibu mpe yeye.

Jumanne nilianguka. Nilikuwa namchotea mteja supu, nikaona sufuria linazunguka, baada ya hapo sikumbuki kitu. Nilizinduka niko juu ya benchi, watu wananipepea na sahani. Wakanipeleka hospitali. Nikatolewa damu, nikapakwa ule ute wa baridi tumboni, wakapitisha mashine. Daktari ni mama mmoja wa makamo, anaitwa Demetria, si mtu wa maneno mengi. Alikitazama kile kioo mpaka mie nikaanza kuogopa.

"Munira, ulishawahi kuambiwa una homa ya ini?"

Nikamwambia ndiyo, homa ya ini B, toka nina mimba ya Raudha, mwaka 2016.

"Ulitibiwa wapi?"

Nikamwambia sikutibiwa, kaka yangu ni mtu wa maabara, alinipima kwa mkono wake akaniambia virusi vimelala. Nikamtolea na ile karatasi yako. Nimeitunza miaka tisa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Nilikuwa najivunia, Azan. Wenzangu wanapanga foleni, mie nina kaka.

Akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine. Hakuna. "Kipimo hiki kimoja tu? Na baada ya hapo?"

Baada ya hapo uliniambia nirudi nikijisikia vibaya. Sikujisikia vibaya. Nilikuwa nachoka, nani hachoki anayeamka kuchemsha utumbo kabla ya adhana?

Ini langu lina makovu. Virusi kwenye damu yangu havihesabiki. Dokta anasema havikulala hata siku moja. Ile alama uliyoitafuta haikuonekana kwa sababu kirusi changu kilishabadilika, kikaacha kuitoa. "Kimevua sare," akaniambia, "kazini kipo."

Sasa nijibu. Ulijua kwamba kinaweza kuvua sare, au hukujua? Kama hukujua, kwa nini ulivaa lile koti jeupe? Kama ulijua, Mungu ndiye anayekuona.

Munira

*

Mikocheni
20 Juni 2025

Mdogo wangu Munira,

Assalaam aleikum. Barua yako imenifikia na imeniumiza sana. Pole kwa maradhi. Namshukuru Mungu umepata daktari anayejua kazi yake.

Naomba unisikilize kwa utulivu. Kirusi cha homa ya ini B hutoa protini inayoitwa e. Wakati ule, kwenye maabara ndogo kama yetu, e ndiyo iliyokuwa taa yetu. Ikionekana kwenye damu, kirusi kinazaliana kwa kasi. Isipoonekana, na vimeng'enya vya ini vikiwa kawaida, tulisema kimetulia. Kwako e haikuonekana, na ini lilikuwa kawaida. Sikukudanganya. Nilikusomea kilichoandikwa.

Ila kirusi hiki kinapojinakili hukosea. Kinajinakili mara nyingi mno kwa siku, na kila mara huenda herufi moja ya jeni lake ikaandikwa vibaya. Makosa mengi hukiua. Lakini lipo kosa ambalo hukizuia kutengeneza e tu, na mengine yote yanaendelea kama kawaida. Mtu wa namna hiyo akipimwa e, anaonekana mzima. Wengine hukaa na makosa hayo hadi uzeeni bila tatizo. Wengine ini huharibika kimyakimya, na mabadiliko ya aina fulani huleta hata uvimbe. Hakuna anayechagua, Munira. Si kosa lako wala si kosa langu. Ni herufi moja.

Sasa hivi dawa ipo, kidonge kimoja kila siku, na inazuia vizuri. Anza mara moja, usiruke hata siku moja.

Nina ombi moja. Tafadhali mama asijue. Unajua sukari yake na presha. Na yale ya Faraji na talaka yenu tuyaache yalipo, yalishapita. Tusifukue.

Nawal na watoto wanakusalimu.

Kaka yako,
Azan

*

Vingunguti
25 Juni 2025

Azan,

Nilikuuliza swali, umeniandikia somo.

Jana alfajiri nilikwenda machinjioni kuchukua maini na utumbo. Mkaguzi wa nyama alikuwa ameinama mezani, anakata maini moja moja. Akafika kwenye moja, kisu kikakwaruza. Mie nasimama pale miaka kumi na moja na ule mlio naujua. Ndani yake lilikuwa limejaa vijigumu kama changarawe. Akalitupa kwenye pipa wala hakugeuka. Nikajishika ubavu. Nikawaza, langu likikatwa litalia hivyo hivyo, na wewe unaniambia herufi moja.

Nimempelekea Dokta Demetria barua yako. Ndiyo, nimempa aisome. Alipofika pale kwenye "kimetulia" akavua miwani. Akasema hata zamani hizo, mtu asiye na e alitakiwa arudi kila baada ya miezi sita, kwa sababu kwa watu kama mie vipimo vya ini vinapanda na kushuka, ukipima siku moja umeshika siku nzuri tu. Kwa hiyo tatizo halikuwa herufi. Tatizo ni mtu aliyeniambia rudi ukijisikia vibaya.

Halafu akaniuliza kitu, akaniuliza kama anauliza saa: "Mama yako alishapimwa?"

Nikamwambia hapana, mie nililetewa na aliyekuwa mume wangu. Akatikisa kichwa. Akasema mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili unakishinda ndani ya miezi. Kinachokaa miaka na miaka mpaka kuchora makovu, kwa kawaida mtu alikipata akiwa mchanga. Siku ya kuzaliwa, aghalabu.

Nilirudi nyumbani sikumwambia mtu. Nikafungua sanduku, nikatoa kadi ya kliniki ya Raudha. Unakumbuka alizaliwa Jumapili? Ulikuja wodini umelowa jasho, una kiboksi chenye barafu, ukamwambia nesi umeitafuta mji mzima. Ukaandika kwa mkono wako kwenye kadi: chanjo ya homa ya ini B, na tarehe. Mtoto hajamaliza hata saa sita duniani. Mama alipouliza ya nini ukasema ya manjano. Kadi hii hapa mbele yangu. Watoto wote wa mtaa huu chanjo yao ya kwanza ya homa ya ini waliipata wiki ya sita. Wangu peke yake aliipata siku ile ile.

Miaka yote nimekupenda kwa ile sindano bila kujua kwa nini uliikimbilia. Leo nimejua, na nimeshindwa kulala.

Ulijua kwamba kinatoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Ulijua mpaka ukakimbia mji mzima. Basi ulijua changu kilitoka wapi.

Na ulikaa kwenye mkeka ule wa kikao, Azan, mama anamuita Faraji mbwa wa jalala mbele ya wazee wa pande zote mbili, anasema ametuletea uchafu wa wanawake zake. Uliinamisha kichwa. Mie nikadai talaka. Faraji alinitazama, akasema, "Munira, wallahi sijui chochote." Nikamtemea mate.

Damu yake si uliichukua wewe? Majibu yako wapi?

Munira

*

Mikocheni
3 Julai 2025

Munira,

Nimeandika barua tatu nikazichana. Hii ya nne naituma kama ilivyo.

Faraji hakuwa na kirusi. Damu yake ilionyesha kwamba alishakutana nacho na mwili wake ukakishinda, akabaki na kinga. Uwezekano mkubwa alikipata kwako. Nilificha karatasi kwenye droo, na droo ile ninayo hadi leo.

Mama nilimpima mwaka 2013, kabla ya ile operesheni yake ya kizazi. Anacho. Nikajipima na mie. Ninacho. Ndipo nikaelewa Abdulrahman aliuawa na nini.

Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki vizuri. Kaka yetu alikuwa na miaka ishirini na tisa, tumbo limejaa kama la mjamzito, macho ya njano, na mama anazunguka naye kwa waganga kutoka Bagamoyo hadi Mkuranga. Alipozikwa mama alikaa miezi hasemi. Nilipopata majibu yake nikajiambia: huyu mama akisikia kwamba kilichomuua mwanawe kilitoka kwenye damu yake, tutamzika na yeye. Nikanyamaza. Halafu ikaja mimba yako, na wewe ukaonekana nacho, na mama akaanza na Faraji, na mie nikaona mlango umefunguka wenyewe. Sikusema Faraji anacho. Sikusema hana.

Hilo si baya kuliko yote.

Mwaka 2018 nilipima wingi wa virusi vyangu. Nilikuwa sina e, kama wewe. Ini kawaida, kama wewe. Majibu yakaja mamilioni. Kirusi changu kilikuwa kimebadilika, na huenda tulizaliwa nacho hivyo hivyo sote. Daktari akanianzishia dawa siku hiyo hiyo. Nawal hajui. Vidonge naviweka kwenye kopo la vitamini.

Siku ile nilishika simu nikupigie. Nikafikiria utaniuliza: umejuaje? Ningekwambia nimejua kwa sababu na mie ninacho. Ungeuliza: tumekipata wapi sote wawili? Jina la mama lilikuwa mwisho wa kila jibu. Nikaweka simu. Nikasema nitatafuta njia nzuri ya kukuambia. Miaka saba, Munira. Nilikuwa nameza kidonge kila siku asubuhi, na kila siku nakukumbuka.

Nichukie, ni haki yako. Lakini nakuomba kwa jina la Mungu, mama asijue.

Azan

*

Vingunguti
5 Julai 2025

Azan,

Umemeza. Kila asubuhi umemeza, ukafuta mdomo, ukaenda kazini kuwapima watu.

Eid mnakuja, unakula pilau langu, unaniambia nimenenepa. Kidonge chako kiko tumboni.

Dokta amenipigia jana. Kwenye ini kuna kivimbe, ukubwa wa kokwa ya ukwaju. Amesema kingechelewa kuonekana miezi sita mbele asingekuwa na la kuniambia. Watanikata tarehe 29. Hiyo ndiyo herufi yako moja.

Usiniandikie tena kuhusu mama. Umemfanya mama kuwa ukuta, umejificha nyuma yake miaka kumi na miwili, mume wangu akapigwa mawe mbele ya ukuta huo na wewe ukayasikia yakitua.

Nataka hivi. Chukua karatasi ya Faraji kwenye droo yako. Mwandikie kwa mkono wako, uweke sahihi, umweleze kama ulivyonieleza mie, usipunguze. Anaishi Mbagala Kizuiani, anauza kuku. Nakupa wiki moja. Ikipita, nitakuja Kawe na kovu langu au bila kovu, nitasimama uani kwenu, nitasema kwa sauti mama asikie.

Munira

*

Kawe
9 Julai 2025

Mwanangu Munira,

Anayeandika ni mkwe wangu Nawal, maneno ni yangu mimi Mwajabu mama yako. Nimemwambia asipambe wala asipunguze, na kila mstari ananisomea.

Juzi Mwinshehe alifika hapa na barua. Azan kapelekwa semina Dodoma, geti la kazini kwao wakamwambia Mwinshehe hayupo, naye akaona aifikishe nyumbani. Nawal akaona mwandiko wako. Nikamwambia fungua, mwanangu anaumwa, pengine anahitaji kitu. Akaanza kunisomea kwa sauti. Alipofika kwenye kidonge akaishusha barua. Nikamwambia soma. Akalia. Nikamwambia lia huku unasoma.

Tulikwenda chumbani tukafungua kopo la vitamini. Tukafungua na mkoba wake wa makaratasi, tukakuta barua zako zote. Nimezisikia zote, Munira. Nimeyasikia maini ya machinjioni.

Sasa nisikie na mie. Nani kawaambia mie yai? Mie nimezika mume, nimezika mwana. Abdulrahman nilimwosha uso mwenyewe kabla hawajamfunika. Mtu aliyefanya hivyo mnamwonea huruma ya karatasi? Mwanangu kanihukumu kuwa sina kifua, na kwa hukumu hiyo kamuacha mwanangu mwingine aoze ini. Na wewe pia nina neno nawe. Toka mwezi wa sita unajua, unaandikiana na kaka yako juu yangu kama mnagombania maiti. Ungekuja. Kawe si Makka.

Mnajua mlichonifanyia? Mwamvita, jirani yetu, tuliyechota maji kisima kimoja tangu usichana. Abdulrahman alipougua mganga alimtaja, nikaamini. Nilimfukuza mlangoni kwangu alipokuja na uji wa mgonjwa. Nilimwaga ule uji mbele yake. Miaka kumi na miwili sikumuitikia salamu, na yeye hakuacha kunisalimu. Alikufa mwaka 2021, sikwenda msibani. Azan alikuwa anajua toka 2013 kwamba mwanangu hakulogwa. Miaka minane Mwamvita alikuwa hai, nyumba ya tatu kutoka hapa, na mwanangu anapita kati yetu asubuhi na jioni na ukweli mfukoni. Mwamvita nitamuomba radhi wapi sasa? Nani atanipa?

Azan aliporudi jana nilimwambia asinipe mkono. Nimemwambia akae mezani aandike barua ya Faraji mbele yangu, nikasimama nyuma yake kama mwalimu wa chuo. Kesho naipeleka mwenyewe Mbagala. Mdomo uliomtukana yule mtoto ni wangu, sitamtuma mtu.

Tarehe 29 nitakuwa mlangoni kwa hao wanaokukata.

Mama yako,
Mwajabu

Wifi, hapa ni mie Nawal. Tumekwenda kupimwa damu sote humu ndani, mie na watoto. Tunasubiri. Azan nimemwambia atoke kwanza. 

*

Mbagala Kizuiani
18 Julai 2025

Munira,

Mama yako alikuja. Nilikuwa bandani nanyonyoa kuku, nikaona mwanamke wa baibui kasimama juani. Nikampa kiti akakataa. Mke wangu akamletea maji akakataa. Akasema, "Sikai kwa mtu niliyemuita mbwa mpaka nimwambie nilichojia." Akasema hapo hapo, wateja wanasikia. Sikujua nifanye nini na mikono yangu, imejaa manyoya.

Barua ya Azan na ile karatasi nimezisoma mara nne. Sasa nikwambie kilichotokea baada ya wewe kudai talaka, kwa sababu hukuwepo. Machinjioni habari ilifika kabla yangu. Jamaa tuliokuwa tunakula sahani moja wakaanza kuniwekea chakula pembeni. Visu vyangu hakuna aliyevigusa. Kikombe changu cha chai kikapigwa alama ya rangi nyekundu. Miezi minne nilivumilia, nikaondoka. Nilikuwa mchinjaji, Munira, baba yangu alikuwa mchinjaji. Sasa hivi nauza kuku. Kila binti niliyemposa ilibidi nianze kwa kujieleza. Na mie mwenyewe nilikuwa najiogopa. Miaka minane nimeamini damu yangu ni chafu. Nilipokuwa najikata kidole nilikuwa nafunika haraka wanangu wasione.

Kwa hiyo usiniombe nikusamehe kwa sasa. Hujaniomba, lakini nasema mapema.

Nilimchukua Raudha Jumatatu toka shule, nikampeleka kupima. Mama yako alikubali, nikajua na wewe utakubali. Hana kitu. Ana kinga kamili. Huyo kaka yako alimwokoa mwanangu siku ya kwanza na kuniua mie mwaka uliofuata, na mkono ni ule ule. Nikikutana naye sijui nitamfanya nini. Mwambie asijaribu kupita Mbagala.

Nimesikia unakatwa tarehe 29 na ndugu wanatakiwa kuchangia damu. Mama yako haruhusiwi, Azan haruhusiwi. Nimekwenda jana. Wakanipima kila kitu, wakanilaza, wakachukua chupa nzima. Nilipomaliza nikamuomba nesi aniandikie kwenye karatasi kwamba wameipokea. Akashangaa, akasema hakuna mtu anayeombaga hivyo. Nikamwambia niandikie tu, dada, weka na muhuri.

Nimeitundika bandani, juu ya mizani.

Faraji

*

Tandika
24 Agosti 2025

Munira,

Mama ameniambia nyuzi zimetolewa na kwamba umeanza kula. Alhamdulillahi. Sikuja hospitali kwa sababu alinikataza. Nilikuwa nje ya geti siku ile, toka saa moja asubuhi hadi walipotoka kumwambia mama kwamba wamekitoa chote.

Nawal hana kirusi, na watoto hawana. Nimepanga chumba huku Tandika. Hajaniambia nirudi na sijauliza.

Kuna jambo sikukuandikia. Hukuwa peke yako. Ile kauli, vimelala, rudi ukijisikia vibaya, niliwaambia watu wengi kati ya mwaka 2014 na 2018. Hata baada ya kupata majibu yangu mwenyewe sikuwarudia, kwa sababu ningewarudia wao ningewezaje kukuacha wewe. Mwezi uliopita nilikwenda kwa mwenye maabara nikamwambia. Alinifokea, akanisimamisha kazi, halafu akanipa daftari za zamani na akaniambia nisirudi mpaka nimewapata.

Majina ni sitini na tatu. Namba nyingi hazipatikani, kwa hiyo natembea. Wengine wamehama. Wanne wamekufa, mmoja mjane wake alinieleza tumbo lilivyojaa na mie nikakaa nasikiliza mpaka mwisho. Kijana mmoja wa Yombo alinizaba kibao mbele ya watu. Waliobaki nawaelekeza kwa daktari wako. Wapo wasioniamini, na wana haki. Wanauliza nani mwingine anaweza kuwathibitishia. Nimempa mtu mmoja jina lako na mahali unapouzia supu. Najua sikukuomba ruhusa.

Sikuombi kitu.

Azan

*

Vingunguti
14 Septemba 2025

Azan,

Hukuomba ruhusa, kama kawaida yako.

Alikuja Jumatano. Talha, fundi friji, ana kibanda hapo Temeke. Mtu mrefu, amevaa ovaroli, ana karatasi imekunjwa mara nyingi hadi imechanika kwenye mikunjo. Nikaijua kabla hajaifungua. Mwandiko wako, mwaka 2017, e haikuonekana.

Mie nimerudi kwenye supu wiki mbili sasa, sufuria ananinyanyulia mama. Amehamia kwangu, anasema Kawe kila akitoka nje anaiona nyumba ya Mwamvita. Ijumaa alikwenda kwa watoto wa Mwamvita. Hakunieleza walichomwambia. Alirudi na kanga imelowa upande mmoja, akaanza kumenya vitunguu.

Talha alikuwa na hasira ya kuvunja meza. Alisema, kuna jamaa kaja dukani kwangu ananiambia eti alichoniambia miaka minane iliyopita si kweli, mie mbona mzima, nanyanyua friji peke yangu. Nikamwambia hata mie nilikuwa nanyanyua sufuria. Nikafungua vifungo vya gauni nikamwonyesha kovu, hapo hapo kwenye benchi. Akaikunja karatasi yake.

Kesho yake nikafunga biashara, nikampeleka kwa Dokta Demetria mwenyewe. Vipimo vimerudi jana. Virusi vyake vingi kama vilivyokuwa vyangu. Kimebadilika vile vile, e hakuna. Lakini ini, Azan, ini lake bado laini. Dokta aliirudia mashine mara mbili ili kuhakikisha. Hakuna makovu. Amepewa vidonge na tarehe ya kurudi.

Tulipokuwa tunasubiri dirishani akaniuliza, "Huyo jamaa wa maabara mnajuana vipi?"

Nikamwambia ni kaka yangu, tumbo moja.

Akanitazama sana. "Na umemsamehe?"

Nikamwambia sijamsamehe. Kila nikigeuka kitandani kovu linavuta na namlaani upya. Pale pale wakaita jina lake, akasimama, akapokea kopo lake. Hakulificha mfukoni. Aliuliza maji yako wapi.

Umesema sitini na tatu. Nitumie majina ya wanawake, wanaweza wakanisikiliza mie. Waliokufa niandikie wanapoishi watu wao. Wa Vingunguti, Buguruni na Tabata nitakwenda kwa miguu yangu. Wengine utatembea wewe, hadi viatu viishe.

Munira